Riya Iliyojificha Ndani ya Wema



Leo tuyatazame maradhi ya moyo ambayo mtu huweza kuishi nayo miaka mingi akidhani ni afya. Nayo ni riya: kufanya amali ya kheri kwa ajili ya macho na masikio ya watu.

Mwizi hujijua kuwa ni mwizi. Mwenye riya hana pa kujishuku, kwani analolifanya ni jema hasa. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika Sahihi Muslim, watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiama ni watatu: aliyeuawa vitani, aliyesoma elimu na Qurani, na tajiri aliyetoa mali. Hawakuletewa hesabu ya wizi wala uzinzi. Walitaka waitwe shujaa, mwanachuoni na karimu. Wakaitwa hivyo duniani, na malipo yao yakaishia hapo.

Basi tutajijuaje? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameweka kipimo katika mlango wa Zaka wa kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din. Mtazame uliyempa sadaka, akikukosea au akimfuata hasimu wako. Je, chuki yako juu yake imezidi kuliko ambavyo ingalikuwa kabla hujampa? Ziada hiyo ndiyo masimbulizi yaliyokuwa yamefichama ndani ya sadaka yako.

Kipimo hiki tukilete majumbani petu. Umemlipia jirani karo ya mwanawe. Kisha siku ya harusi yake akawakalisha wengine mbele, wewe ukakaa nyuma karibu na viatu. Ikikujia kusema, "Baada ya yote niliyomtendea!", basi tangu siku ile ya karo ulikuwa umefungua daftari la deni, naye maskini hakuambiwa. Wazazi nasi tuna daftari letu: kila mtoto akituudhi tunamhesabia tulivyouza ili asome.

Ghazali mwenyewe hakujitoa. Alikuwa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad, na wanafunzi wake walifika mia tatu. Mwaka 488 Hijria (1095) aliichungua nia yake ya kufundisha, akaiona inasukumwa na kutafuta cheo na sifa. Alisitasita yapata miezi sita, hata ulimi ukafungika asiweze kusomesha. Mwishowe akagawa mali yake, akabakisha riziki ya watoto, akauacha mji. Nami nisemaye mbele ya kipaza sauti, ambaye sauti yangu inaingia nyumba nisizozijua, habari hii yanihusu kabla ya kuwahusu ninyi.

Lakini asije mtu akaacha kutoa kwa kuogopa riya. Fudhail bin Iyadh alihesabu kuacha huko pia kuwa ni riya. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu atendaye kheri kisha watu wakamsifu, alieleza kuwa hiyo ni bishara ya mapema kwa muumini. Ubaya ni kuiwinda sifa, si kusifiwa.

Imepokewa kwamba Ali bin Husain, aitwaye Zainul Abidin, mjukuu wa Sayyidna Ali (R.A.), alikuwa akibeba chakula mgongoni usiku na kuwapelekea mafukara wa Madina, nao hawamjui aletaye. Alipofariki chakula kikakoma. Hapo ndipo walipomjua.