Kete moja ikisogea, usihesabu ubao mzima

Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilipomshinda bingwa wa sataranji Garry Kasparov mwaka 1997, ilikuwa ikipima mipangilio ya kete ipatayo milioni 200 kwa sekunde, kwa chipu zilizotengenezwa mahususi kwa sataranji. Kila mpangilio ulipewa namba moja: nani yuko juu, na kwa kiasi gani. Fomula ya kupata namba hiyo iliandikwa na binadamu.

Mtandao wa neva bandia huitoa namba hiyo kwa ustadi zaidi, ila una hesabu nyingi mno. AlphaZero, programu yenye mtandao wa aina hiyo, mwaka 2017 ilipima mipangilio kama 80,000 tu kwa sekunde, tena kwa chipu maalumu za Google. Aliyefungua njia kwa kompyuta za kawaida ni Mjapani Yu Nasu, mwaka 2018, na wala hakuwa akishughulikia sataranji bali shogi, mchezo wa kwao. Mbinu yake inaitwa NNUE. Stockfish, programu ya sataranji, iliichukua mwaka 2020.

Tabaka la kwanza la mtandao huo wa Stockfish lilikuwa na viingizo 40,960: kila kimoja ni mfalme wako kwenye mraba fulani pamoja na kete fulani kwenye mraba fulani. Kwa wakati mmoja haviwaki zaidi ya 30, na kila kinachowaka huongeza safu ya namba 256 kwenye jumla ya upande wako. Sasa farasi akisogea, kimoja kinazimika na kingine kinawaka. Mwenye duka akiuza kilo ya sukari hapimi upya magunia yote. Anapunguza kilo moja daftarini. Programu nayo hutoa safu moja, ikaongeza moja, basi.

Msumbufu ni mfalme. Akihama, viingizo vyote vya upande wake hubadilika, na jumla ya upande huo huanza upya. Bahati nzuri, kabla ya hatua za mwisho za mchezo mfalme hatembei sana.

Jambo jingine, ambalo mimi naliona tamu kuliko yote: namba zenyewe ni nzima na ndogo, hazina desimali. Zikiwa za biti 16, prosesa yenye rejista za biti 256 hujumlisha 16 kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, fomula ya zamani ya Stockfish, iliyoandikwa na binadamu, ilikuwa nyepesi zaidi. Stockfish ilipohamia NNUE, idadi ya mipangilio iliyopimwa kwa sekunde ilishuka, na bado programu ikawa na nguvu zaidi. Mwaka 2023 fomula hiyo ilifutwa kabisa.