Asparagasi haitaki tuta la mchicha

Kwa kuwa asparagasi huuzwa katika meza ya mboga, wengi wanaotaka kuijaribu nyumbani huitafutia nafasi kati ya mchicha na karoti. Kosa huanzia hapo. Mchicha hung'olewa baada ya wiki chache; asparagasi iliyotunzwa hudumu ardhini miaka 15 na zaidi, na miaka miwili ya mwanzo huachwa karibu bila kuvunwa ili mizizi ijaze akiba. Mizizi hiyo husambaa na kuzongana, hivyo anayejaribu kuihamisha baadaye huikatakata kuliko anavyoing'oa. Mahali pake pachaguliwe kama pa mwembe: pembezoni mwa kiwanja, ambapo jembe halitapita wala chumba cha uani hakitajengwa.

Pembezoni upande gani? Vitabu vya Ulaya husema kaskazini, maana majani yake, laini kama manyoya, hufika mita 1.5 na kuzitia mboga nyingine kivuli. Kwa London ni kweli, kwani huko jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima. Arusha au Nyeri linakuwa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na hata likiinama kabisa, kivuli cha adhuhuri cha mmea huo hakifiki mita moja. Vinavyotusumbua sisi ni vivuli virefu vya asubuhi na jioni. Mstari ukilazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, sehemu kubwa ya vivuli hivyo huangukia mstari wenyewe.

Lakini jua si tatizo letu kubwa. Maji ndiyo yanayoua. Mizizi ikilala kwenye tope wiki nzima ya masika huoza, na mmea hufa ukiwa na deni la miaka miwili. Chimba shimo la futi moja, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakilala humo hadi kesho yake, tafuta pengine au inua tuta. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kuipanda chini ya bomba ili isisahaulike kumwagiliwa. Kwetu hakuna baridi kali ya kuupumzisha mmea. Katika pwani kavu ya Peru wakulima huulaza kwa kuunyima maji, kisha huurudishia uchipue. Aliyepanda chini ya bomba, au palipo na maji machafu ya jikoni, hana uwezo huo.

Mwenye kiwanja kidogo atauliza kwa nini ardhi ikae miaka miwili bila kumlisha. Haikai bure: mwaka wa kwanza saladi hustawi kati ya mistari, mradi isipaliliwe kwa jembe. Swali gumu ni la mpangaji mwenye mkataba wa mwaka mmoja, na kwake sina hila yoyote. Apande sukuma wiki.