Chembe za nano kwenye oili: zinasaidia injini kweli?

Fundi akifungua injini iliyochoka hupitisha ukucha juu kabisa ya silinda, pale ringi za pistoni zinapogeukia. Ukucha ukikwama, chuma kimelika. Utando wa oili hujengwa na mwendo, na pistoni ikifika juu husimama kidogo kabla ya kurudi chini, palepale mafuta yanapowaka. Utando huwa mwembamba mno, chuma kikagusa chuma.

Chembe za nano zinalenga mahali kama hapo. Mwaka 1992 Reshef Tenne na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walitangaza chembe za tungsteni disalfaidi za mviringo, tupu katikati, zenye matabaka kama kitunguu. Mwaka 1997 ilionyeshwa kuwa zinapunguza msuguano na kulika kwa chuma. Upana wake ni kama nanomita 100, na milimita moja ina nanomita milioni moja, kwa hiyo zikitawanyika vizuri hupita kwenye filta bila shida. Awali ilidhaniwa zinabiringika tu kati ya vyuma viwili. Kumbe zikibanwa huchubuka, na maganda yake hunata kwenye chuma, yakateleza yenyewe kwa yenyewe.

Sayansi hiyo naiamini. Wasiwasi wangu ni chupa ya nyongeza ya dukani. Chembe ndogo hivyo hupenda kushikana, na zikishakuwa mabonge hutuama chini, mbali na silinda. Tena oili nzuri tayari ina kiungo cha zinki na fosforasi kinacholinda chuma, na nyongeza ngeni inaweza kugombania nacho nafasi ileile.

Unga wa nano ukiwa mkavu unaweza kuwa hatari kwa mapafu, hivyo usikubali kuuchanganya mwenyewe. Oili chafu nayo ina masizi na kemikali zilizosababisha saratani ya ngozi kwa panya, iwe na nano au isiwe nayo. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, si kwa petroli. Petroli ina benzini, ambayo nayo husababisha saratani.

Wa bodaboda ana la ziada. Klachi ya pikipiki nyingi imezama kwenye oili ileile ya injini, na huhitaji msuguano ili ishike. Nyongeza ya kulainisha inaweza kuifanya iteleze: injini inanguruma, mlima haupandiki. Oili inayofaa klachi hiyo huandikwa JASO MA au MA2, na alama hiyo huthibitisha oili ilivyotoka kiwandani, kabla hujaiongezea chochote.