Mtoto Wako Husikia Nini Wakati wa Uchaguzi?

Siku nyingi tunazungumza hapa juu ya malaria, chanjo na kunyonyesha. Leo tuzungumze juu ya jambo linaloua pia, nalo huanzia kwenye mazungumzo ya nyumbani: jirani kumgeukia jirani kwa sababu ya kabila.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa, ghasia zilizuka Kisumu. Maduka ya barabara ya Oginga Odinga yaliporwa na kuchomwa. Watu wa makabila mengine walioishi nasi miaka mingi walikimbilia vituo vya polisi. Polisi nao walifyatua risasi. Tume ya Waki ilieleza kwamba wengi waliouawa Kisumu walipigwa risasi na polisi. Mwezi wa Januari, huko Naivasha, Waluo walichomwa ndani ya nyumba, watoto wakiwemo. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Kufikia wakati huo watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa nchini.

Yule kijana aliyebeba godoro kutoka duka la jirani hakuwa mgeni. Ulimjua, na mama yake mlikutana naye sokoni Kibuye. Ilikuwaje?

Mtaalamu wa saikolojia Ervin Staub, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi akiwa mtoto huko Hungaria, alilichunguza swali hili kwa miaka mingi. Alieleza kwamba watu hawafikii mauaji kwa siku moja. Huenda hatua kwa hatua. Kwanza maisha huwa magumu, na mtu hutafuta wa kulaumiwa. Ni rahisi kumlaumu jirani wa kabila lingine kuliko kuelewa kwa nini unga umepanda bei. Kisha huyo anayelaumiwa hupewa jina. Hapa Kenya tumesikia "madoadoa" na "kwekwe", maneno ambayo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyaweka katika orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022. Rwanda mwaka 1994, redio iliwaita Watutsi mende. Yaangalie maneno yenyewe, mama. Doa hufutwa. Kwekwe hung'olewa. Mende hukanyagwa. Mtoto akisikia jina kama hilo jikoni kwako, ameshaambiwa pia la kufanya.

Baada ya jina huja kitendo kidogo. Watu wanaacha kununua mboga kwa jirani huyo. Jiwe moja linatupwa juu ya mabati yake usiku. Hakuna anayesema kitu, na aliyetupa jiwe hudhani mtaa mzima unakubaliana naye. Wengi hawakubaliani, ila kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kusema.

Pengine unauliza, sauti ya mama mmoja itasaidia nini? Sikiliza habari hii ya Rwanda. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, hadithi ya vijiji viwili vinavyogombana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha watu waliousikiliza kwa mwaka mmoja na wengine waliosikiliza mchezo wa mambo ya afya. (Ndiyo, wa afya, kama sisi.) Imani za moyoni za wasikilizaji wa Musekeweya hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mawazo yao kuhusu tabia inayokubalika katika jamii, na wakawa tayari zaidi kutoa maoni yanayopingana na ya wenzao mbele ya watu.

Kwa hiyo huhitaji kubadilisha moyo wa shemeji yako. Akianza kusema "hao watu" mbele ya watoto, mwambie kwa upole: "Shemeji, huyo mama ndiye aliyekaa na mtoto wangu nilipolazwa. Hapa kwangu haitwi hivyo." Basi, endelea kupakua chakula. Ukimfokea atapata aibu na kukazana zaidi. Ukinyamaza, watoto watachukua maneno yake.

Na ujumbe wa simu usemao kwamba watu fulani wanakuja usiku? Mwaka 2008 ujumbe wa namna hiyo ulienea sana. Usiutume mbele. Mpigie mtu unayemwamini aliye huko, umwulize.

Sasa tuje kwa mtoto ambaye ameshaona mabaya. Mwezi wa Agosti 2017, huko Nyalenda, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa na polisi ndani ya nyumba yao, akafa. Watoto wengi wa mitaa yetu waliziona siku zile. Mtoto wa namna hii anaweza kukojoa kitandani tena, kushtuka usiku, kukung'ang'ania, au kulalamika tumbo bila ugonjwa. Usimchape wala usimwambie "mwanaume halii". Mrudishie mambo yake ya kila siku: chakula kwa saa yake, shule, michezo. Mwache aseme au achore alichoona. Asitazame video za ghasia kwenye simu. Wengi hupata nafuu. Ikiwa mwezi umepita na bado halali wala hachezi, mpeleke kituo cha afya, ukaeleze kila kitu, si tumbo peke yake.

Akikuuliza habari za 2007, mwambie zote. Mwambie tulivyoumizwa. Mwambie pia kwamba watu wetu waliumiza wengine, na kwamba wako waliowaficha jirani zao. Akisikia uchungu wa upande mmoja tu, atakua akidhani ana deni la kulipiza.

Usikimbilie kusema "sameheni" kwa mtu ambaye hakuna aliyekiri kumkosea. Kupatana huanza mapema zaidi ya hapo, na mara nyingi huanzia kwenye kazi. Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, Waluo na Wakipsigis wanategemea soko moja. Ghasia zikizuka soko hufungwa, samaki huoza upande mmoja na maziwa huganda upande wa pili. Akina mama wa pande zote mbili wanaweza kubadilishana nambari za simu sasa, kungali shwari, waulizane uvumi ukianza.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara wakati wa mafuriko, hasa kwa akina mama wa Nyando. Kwaheri ya kuonana.