Chambo wa Ziwa Malawi: Kwa nini nyavu hutolewa majini wakati samaki ni rahisi kuvuliwa?

Msemaji wa Kiswahili anayefika Malawi kwa mara ya kwanza hushangazwa na neno chambo. Katika lugha yake, chambo ni kile kinachotundikwa kwenye ndoano ili kumvuta samaki. Nchini Malawi, chambo ndiye samaki mwenyewe: aina ya perege wa Ziwa Malawi, mwenye nyama nene na ladha inayosifiwa kuanzia hoteli za Lilongwe hadi vibanda vya chakula kando ya barabara.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 31 Desemba, sheria za uvuvi za Malawi hupiga marufuku makokoro katika ziwa hilo. Makokoro ni zile nyavu kubwa ambazo watu wengi husaidiana kuzikokota kuelekea ufukweni. Marufuku hiyo huja wakati wa joto, mvua zikiwa zinakaribia au zimeanza, ambapo chambo huwa karibu na ufuo kuliko kipindi kingine chochote. Kwa maneno mengine, mvuvi huambiwa aweke wavu wake kando wakati ule ule ambao samaki amemsogelea.

Kwa maelfu ya familia za wakimbizi wanaoishi Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, jambo hili si la wavuvi peke yao. Samaki ni miongoni mwa vyakula vichache vya kujenga mwili ambavyo mtu mwenye kipato kidogo anaweza kuvinunua kwa fungu. Ziwa linapofungwa, swali linalowafikia sokoni ni moja: je, hasara ya miezi miwili ina faida gani?

Samaki hukaribia ufuo lini, na kwa nini?

Mwaka wa uvuvi katika Ziwa Malawi huongozwa na upepo. Kati ya Mei na Agosti, msimu wa baridi, huvuma upepo wa kusini ambao Wamalawi huuita mwera. Upepo huo huinua mawimbi makubwa, huzuia mitumbwi midogo kuingia ziwani, na wakati huohuo huyachanganya maji, ukileta juu rutuba iliyokuwa imetulia chini. Kutokana na rutuba hiyo huzaliana mimea na viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo chakula kikuu cha chambo.

Hii ndiyo sababu pia ndoano haifanyi kazi kubwa kwa samaki huyu. Kampango, ambaye ni jamii ya kambare, na mcheni, ambaye huwinda samaki wadogo, huvutwa na ndoano. Chambo huchuja chakula chake kutoka majini, na kwa hiyo huvuliwa hasa kwa nyavu.

Kuanzia Septemba upepo hupungua, maji hupata joto, na chambo aliyeshiba huanza kujiandaa kuzaliana. Dume hubadilika rangi, kisha huchimba kiota katika mchanga wa sakafu ya ziwa na kukilinda dhidi ya madume wengine. Majike huvifuata viota hivyo. Mvuvi mzoefu hulijua hilo: haendi tena kumtafuta samaki katika maji mengi, bali huzungusha kokoro mahali ambapo viota vimekusanyika.

Mdomo uliobeba kizazi

Lakini tofauti kubwa kati ya chambo na samaki wengi wengine huonekana baada ya mayai kutagwa. Jike huyachukua mayai yake kwa mdomo na kuyatunza humo. Muda wote huo hula kidogo sana au hali kabisa. Hata vifaranga wanapoanza kuogelea, mama hubaki karibu nao, na hatari ikitokea hufungua mdomo wakarejea ndani.

Utaratibu huu una gharama yake. Mdomo una nafasi ndogo, hivyo jike hubeba mayai mamia kadhaa tu. Samaki wanaoyaacha mayai yao majini bila ulinzi hutaga maelfu kwa maelfu, na wakipotea wengi, bado hubaki wa kuendeleza kizazi. Chambo hana akiba ya namna hiyo. Jike anaponaswa na wavu, hutaharuki na kuyatema mayai au vifaranga, ambao bila mama hawana kinga. Hata kama atarudishwa majini, kizazi chake cha msimu huo huwa kimekwisha.

Kokoro huongeza madhara mengine. Kwa kuwa huburuzwa chini, huvifukia viota na kung'oa majani ya majini ambamo samaki wachanga hujificha. Ndiyo maana sheria huielekea zaidi zana hii, na haimzuii kila mvuvi kwa kiwango kilekile.

Ziwa limepoteza nini?

Mfano ulio wazi zaidi uko kusini, katika Ziwa Malombe, ziwa dogo linalopokea maji ya Mto Shire muda mfupi baada ya mto huo kutoka Ziwa Malawi. Malombe lilikuwa na chambo wengi. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, uvuvi wake wa chambo uliporomoka baada ya nyavu zenye matundu madogo kuenea. Wavuvi waligeukia samaki wadogo zaidi, na kila hatua ya kupunguza tundu la wavu ilipunguza pia samaki wa mwaka uliofuata.

Mwaka 1993, kamati za uvuvi za vijiji zilianza kuundwa katika ziwa hilo ili wavuvi washirikiane na serikali katika usimamizi. Mwaka 1997 Malawi ilipitisha sheria mpya ya uhifadhi na usimamizi wa uvuvi, na baadaye ikaandaa mpango mahususi wa kumrejesha chambo, uliopangiwa miaka ya 2003 hadi 2015.

Hata hivyo, tathmini ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, iliyotangazwa mwaka 2019, ilionyesha kwamba tatizo halijaondoka. Kati ya aina 458 za samaki wa eneo la ziwa hilo zilizochunguzwa, asilimia 9 zilikuwa katika hatari kubwa ya kutoweka, na aina tatu kati ya nne za chambo ziliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa.

Anayeushikilia uvuvi wa Malawi leo ni usipa, samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye upande wa Tanzania, ambako ziwa hilo huitwa Nyasa, hujulikana kama dagaa. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa na nyavu ziitwazo chilimira, mbali na ufuo. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hupoteza nguvu ya kumvuta na mavuno hupungua. Usipa hukua haraka, lakini wingi wake hupanda na kushuka sana kati ya mwaka mmoja na mwingine. Haaminiki kama chambo alivyoaminika zamani.

Je, kufunga uvuvi huleta matokeo?

Jibu moja linapatikana katika wilaya ya Salima, upande wa ziwa ulio karibu na Lilongwe. Katika maji yanayozunguka kisiwa cha Mbenji, machifu na wavuvi wamekuwa wakifunga uvuvi kila mwaka tangu miaka ya 1950, kuanzia Desemba hadi mwishoni mwa mvua, mnamo Aprili. Samaki wanaolindwa huko ni hasa utaka, na ufunguzi wa msimu hufanywa kwa sherehe. Amri hiyo haikutoka mjini. Ilianzishwa na watu walewale wanaokula samaki hao, na kwa sababu hiyo hutiiwa zaidi.

Kwingineko utekelezaji ni mgumu. Ufuo wa Malawi ni mrefu, doria ni chache, na mvuvi asiye na shamba wala mshahara hana cha kumlisha mtoto katika miezi hiyo miwili. Wapo wanaovua usiku, na wapo wanaotumia vyandarua vya kuzuia mbu, ambavyo havimwachi hata kifaranga apite.

Somo hili si geni kwa wakazi wengi wa Dzaleka. Wengi wao wametoka Kongo ya mashariki na Burundi, na miongoni mwao wamo waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika wakila ndagala na mikeke. Katika ziwa hilo pia mavuno yamepungua, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, chini ya makubaliano ya nchi zinazolizunguka.

Hata jamaa zao waliopelekwa kuishi Marekani hukutana na sheria ya aina hiyo. Katika jimbo la Minnesota, samaki maarufu aitwaye walleye huingia kwenye mito na maji yenye mawe kutaga mara barafu inapoyeyuka, mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Huo ndio wakati ambapo angekamatwa kwa wingi, na katika maziwa mengi ya jimbo hilo ni marufuku kumvua hadi katikati ya Mei. Walleye huyaacha mayai yake, chambo huyabeba mdomoni, lakini hoja ya sheria ni moja: samaki asivuliwe pale anapokusanyika kuzaa.

Kutoka ufukweni hadi Dzaleka

Samaki anayefika Dzaleka hupitia mikono mingi. Mchuuzi hununua ufukweni, kwa mfano Senga Bay au Nkhotakota. Samaki hukaushwa juani, hufukizwa moshi au huwekwa barafu, kisha husafirishwa hadi masoko ya Lilongwe na miji mingine, na hapo wachuuzi wadogo huwachukua hadi kambini. Kila hatua huongeza bei. Uhaba wa mafuta ya magari huiongeza zaidi. Novemba 2023, ziwa likiwa limefungwa tayari, Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na gharama ya bidhaa nyingi ikapanda.

Mkimbizi ana mzigo wa ziada. Malawi hutaka wakimbizi waishi kambini, na kutoka humo huhitaji kibali. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwemo, warejee Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 na ambayo sasa ina zaidi ya 50,000. Kwa hiyo hata mtu aliyekuwa mvuvi hodari Uvira au Baraka hawezi kwenda ziwani kujitafutia riziki, wala si rahisi kwake kufuata bei ya jumla ufukweni. Hununua kwa bei anayoikuta, huku msaada wa chakula ukiwa umepunguzwa katika miaka ya karibuni.

Mnunuzi anaweza kufanya nini?

Kwanza, mwenye uwezo wa kuweka akiba, hata kidogo, hufaidika akinunua usipa mkavu Septemba na Oktoba. Jua ni kali, samaki hukauka vizuri, na ziwa halijafungwa. Mvua zikianza, usipa aliye kwenye vichanja huloa, huota ukungu na huharibika upesi. Usipa mzuri hung'aa, huvunjika kwa urahisi, hana mchanga mwingi wala harufu kali. Kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa, huwapa watoto madini ambayo minofu ya samaki mkubwa haiwapi.

Pili, chambo mdogo kuliko kiganja hajawahi kuzaa. Bei yake ndogo huvutia, lakini kadiri wanunuzi wanavyomkubali, ndivyo mvuvi anavyopata sababu ya kutumia wavu wenye matundu madogo. Mnunuzi wa Dzaleka hakuliharibu ziwa, na si haki kumtwika lawama. Hata hivyo, fungu analolikataa hurudi kwa mchuuzi kama ujumbe.

Tatu, kufunguliwa kwa ziwa mwezi Januari hakushushi bei siku hiyohiyo. Vifaranga waliotoka midomoni mwa mama zao Novemba na Desemba huwa bado wamo kwenye matete karibu na ufuo, wakiwa wadogo kuliko kidole. Faida ya ile miezi miwili haionekani katika sufuria ya mwaka huo. Huonekana baadaye, vifaranga hao wakikua, iwapo wavu wenye matundu madogo hautawafikia kwanza.