Istilahi za Kamera: "Mmweko" na "Picha ya Karibu"

Kamera za dijitali zimeenea maofisini na shuleni, na vitabu vya maelekezo yake vinahitaji kufasiriwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana mbili ziwatatizazo wafasiri: mwanga wa ghafla utolewao na kamera, na upigaji picha wa kitu kilicho karibu sana. Tutaanza na kazi ya kila moja, kwani istilahi isiyolingana na kazi ya kitu humpotosha mtumiaji.

1. Mmweko

Wapiga picha wengi husema "flashi", wala hatulikatai neno hilo katika mazungumzo. Lakini maofisini "flashi" ni pia kile kifaa kidogo cha kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta. Agizo lisemalo "ondoa flashi" laweza basi kueleweka kwa namna mbili. "Umeme" haufai, maana siku hizi ni nguvu iendeshayo mitambo. "Kimulimuli" nacho huwaka na kuzimika mfululizo. Kitenzi "kumweka", kitumikacho kwa radi, chatupatia "mmweko". Alama yake katika kamera ni mfano wa radi, na Wajerumani nao huuita Blitz, yaani radi.

Kutokana na neno hili twapata "mmweko wa kujiwasha", ambao kamera huutoa yenyewe ionapo giza. "Mmweko wa lazima", ufaao hata mchana kuangaza uso ulio kivulini. Na "mmweko uliozimwa".

2. Picha ya karibu

Alama yake ni ua. Wapo walioifasiri kuwa "kukuza", na hapo ndipo penye kosa. Kukuza, ambako wapiga picha huita "kuvuta", ni kukifanya kitu cha mbali kionekane kikubwa, hali mpigaji amesimama palepale. Mpangilio wa ua huiwezesha lenzi kulenga kitu kilicho umbali wa sentimita chache tu. Katika kamera nyingi ndogo, kadiri uvutavyo ndivyo lenzi ihitajivyo umbali zaidi. Mwalimu atakaye picha ya mguu wa nzige, akiambiwa "kuza", huenda akapata ukungu mtupu.

3. Dhana hizi zikikutana

Nguvu ya mmweko hupungua upesi kwa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga ukifikiao kitu huwa robo tu. Kinyume chake, umbali ukipungua kwa nusu, mwanga huwa mara nne. Kwa hiyo kitu kilicho karibu mno huweza kuunguzwa na mwanga hadi kikawa cheupe pepe, na pengine lenzi yenyewe hukitilia kivuli.

Tumfikirie karani anayenakili hati ya shamba kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Yampasa azime mmweko, achague mpangilio wa picha ya karibu, aiweke hati penye mwanga wa dirisha, na aiegemeze kamera isitikisike. Maelekezo yakimwambia "kuza na uwashe flashi", saini na muhuri vyaweza kupotea katika nakala, na hati yenyewe imekwisha kuondoka.

Kwa sababu hizo twapendekeza "mmweko" kwa mwanga huo, "picha ya karibu" kwa mpangilio wa ua, na "kukuza" libakie kwa kazi yake. Wafasiri na walimu tunawaomba wayajaribu maneno haya mikononi mwa watumiaji, kwani huko ndiko istilahi ipimwako.