Kabla ya Kuondoa Nywila ya Kuwashia Kompyuta

Nywila ya kompyuta ilitokana na watu wengi kutumia mashine moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake waliunda mfumo wa CTSS, uliowezesha watu kadhaa kufanya kazi kwa pamoja kwenye kompyuta moja kubwa. Ili mafaili ya huyu yasiguswe na yule, kila mmoja alipewa nywila yake. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, ambaye muda wa kutumia kompyuta aliogawiwa haukumtosha, aliiagiza mashine imchapishie orodha nzima ya nywila. Ikamchapishia.

Kompyuta ya mezani ya mtu anayeishi peke yake haina sababu hiyo ya asili. Mzee anayeiwasha ili azungumze na wajukuu kwa video, vidole vikiwa vizito na macho yamepungua nguvu, ana haki ya kutaka ifunguke yenyewe. Lakini inabidi kwanza ajue ni nywila ipi inayomsumbua.

Ikiulizwa kabla hata nembo ya Windows haijatokea, hiyo ni nywila ya BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, nayo hutunzwa kwenye ubao mkuu wa mashine. Anayeikumbuka huiondoa kwa kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, mara nyingi kwa kubonyeza F2 au Delete mashine inapowaka. Akiwa ameisahau, kwenye kompyuta nyingi za mezani, hasa za zamani, fundi huchomoa umeme na kutoa kwa muda ile betri ya duara, CR2032. Kwenye laptopu nyingi mbinu hiyo haifui dafu, kwa kuwa nywila imehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri.

Nywila ya Windows ni habari nyingine. Njia iliyozoeleka ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika netplwiz, kisha kuondoa tiki kwenye kisanduku kinachowataka watumiaji waandike jina na nywila. Windows itaomba nywila ya akaunti mara moja, na kuanzia hapo itaijaza yenyewe kila inapowaka. Katika Windows 11, na matoleo ya mwisho ya Windows 10, mara nyingi kisanduku hicho hakionekani. Hurudi baada ya kuzima, katika mipangilio ya kuingia kwenye akaunti, sharti la kutumia Windows Hello (PIN, uso au alama ya kidole) peke yake.

Uzuri wa njia hii ni kwamba nywila haifutwi. Kinachoondoka ni ile kero ya kuiandika. Ipo mbinu nyingine inayosambazwa sana, ya kuandika nywila moja kwa moja kwenye rejista ya Windows. Hiyo iepukwe kabisa, kwani nywila hubaki pale kwa maandishi ya wazi. Microsoft yenyewe hutoa bure programu ndogo iitwayo Autologon, ambayo huificha nywila kwa kuisimba, ingawa mtu mwenye mamlaka ya msimamizi kwenye mashine hiyo bado anaweza kuifichua.

Hasara ya kuacha mashine ijifungue isipuuzwe. Anayewasha mashine inayojifungua hakuti picha tu. Anakuta barua pepe iliyo wazi na kivinjari kinachokumbuka nywila za kila mahali. Na hata mashine yenye nywila, kama diski yake haijasimbwa kwa BitLocker au mfumo kama huo, mwizi anaweza kuiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi na kusoma mafaili bila kuulizwa chochote. Apple imeliona hilo: Mac ambayo diski yake imesimbwa kwa FileVault hairuhusu kuingia bila nywila.

Kwa hiyo kompyuta ya mezani, ndani ya nyumba inayofungwa, isiyotunza siri za benki wala za kazi, inaweza kuachwa ijifungue. Laptopu inayobebwa kwenye daladala au matatu ibaki na nywila. Asiyependa kuandika maneno marefu atumie PIN ya tarakimu chache au alama ya kidole.